Sala ya kimya na jirani asiyependeka

Si siri kwamba katika kila chumba cha walimu yupo mtu ambaye akiingia, mazungumzo hukatika. Kila bweni nalo lina wake. Huyu hukopa asilipe, yule hupeleka maneno kwa mwalimu mkuu, na mwingine hana kosa lolote ila namna yake ya kucheka. Asubuhi wote husimama gwarideni, wakafumba macho na kuitikia amina kwa sauti moja. Sala ikiisha, chuki huendelea pale ilipokomea jana.

Kwa maoni yetu, tatizo si uhaba wa sala. Magharibi mwa Kenya sala ni tele. Wamisionari watatu Wamarekani wa madhehebu ya Marafiki, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipiga kambi Kaimosi, ambayo leo imo katika Kaunti ya Vihiga, mwaka 1902, na shule za Marafiki zikaenea kote katika eneo la Kakamega. Marafiki wa kwanza, kule Uingereza katika karne ya 17, walisali kwa kuketi kimya hadi mmoja wao asukumwe na Roho kunena. Waliokuja Kaimosi, hata hivyo, walitoka katika tawi lililokwisha kuzoea mhubiri na nyimbo, na huo ndio mtindo tuliourithi. Uamsho wa mwaka 1927 ulipozua mfarakano, waliotengana na wenzao walikuwa wale waliosali kwa sauti kubwa zaidi. Wanyamavu hawakuwa na chama.

Sala ya taamuli, yaani kunyamaza mbele za Mungu bila kuomba kitu, wengi huidhania kuwa starehe ya watawa waliokimbia watu. Ukweli ni kinyume. Thérèse wa Lisieux, mtawa wa Kikarmeli aliyefariki Ufaransa mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi dada mmoja nyuma yake alivyozoea kufanya kajisauti ka kuudhi wakati wa tafakari ya jioni. Thérèse alitokwa na jasho kwa kujizuia asigeuke kumtazama. Mwishowe aliacha kupigana na ile kelele, akaisikiliza kwa makini kana kwamba ni muziki mzuri, akamtolea Yesu muziki huo. Palikuwa na dada mwingine aliyemchukiza kwa kila kitu. Kila walipokutana alimwombea, akamsaidia, akamtabasamia, hata yule dada akauliza ni kipi hasa kilichomvutia Thérèse kwake! Nasi twapenda zaidi lile analolikiri bila haya: alipohisi jibu kali limefika ulimini, alikimbia.

Atakayesema hayo ni mambo ya kanisani na aikumbuke Lugari. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, nyumba zilichomwa huko na familia nyingi, hasa za Wakikuyu, zikafukuzwa na watu waliochota nao maji kisima kimoja. Nchini kote waliofariki walizidi 1,100. Mnamo Januari 2008, moto ukiwa bado haujazimika, Marafiki walikutana mjini Kakamega kutafuta la kufanya, na juhudi zao zikazaa timu za amani zilizoendesha warsha kwa waliofukuzwa na waliobaki. Warsha hizo zilifuata mpango ulioanzia katika gereza la Green Haven, New York, mwaka 1975, na miongoni mwa mashauri yake ni hili: tua kwanza kabla ya kujibu. Mfungwa wa New York na mtawa wa Lisieux walikuwa wanajifunza somo moja.

Hatuna budi kuonya, hata hivyo. Mwanafunzi anayepigwa usiku bwenini hahitaji kuambiwa ampende mkubwa wake. Anahitaji mwalimu afungue mlango na kuwasha taa. Kumpenda mtu mgumu hakumwondolei adhabu anayostahili, wala aliyechomewa nyumba halazimiki kunyamaza ili wengine waitwe wapatanishi. Kimya tunachokitetea huchaguliwa na mtu mwenyewe. Asilazimishwe mtoto yeyote, na wenzetu Waislamu waachiwe uhuru wao.

Tunapendekeza jambo dogo: dakika tano kabla ya kengele ya kwanza, bila wimbo na bila hotuba, kila mmoja amtaje moyoni kwa jina yule asiyetaka kuketi naye, pasipo kumwomba Mungu ambadilishe. Wapo watakaosinzia. Wapo watakaogundua kwamba orodha yao ni ndefu kuliko walivyodhani. Tungependelea jaribio hilo lianzie katika chumba cha walimu kabla ya kufikishwa bwenini, na lianze muhula huu.