Jua na Nyumba ya Magurudumu

Huko Kanada na Marekani jamaa nyingi husafiri na nyumba ndogo inayokokotwa na motokari. Mojawapo ni Boler, iliyoanza kutengenezwa Winnipeg mwaka 1968. Mwili wake ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Juu yake imo ngozi ing'aayo iitwayo jelikoti, ambayo unene wake ni kama nusu milimita tu.

Adui wa ngozi hiyo ni jua. Miali yake isiyoonekana huivunja polepole: mng'ao hufifia, na ukiipapasa, mkono watoka na unga mweupe kama chaki. Hapo wengi hukimbilia kuisugua kwa dawa kali. Kweli, mng'ao hurudi. Lakini kila msuguo huondoa sehemu ya ngozi, nayo haioti tena. Ikiisha, nyuzi hubaki wazi, na maji huingia.

Basi mwenye akili hutangulia: huiosha kwa sabuni laini, huikausha, huipaka nta kivulini mara mbili kwa mwaka, tena huiegesha chini ya paa. Nta ikiliwa na jua, hupakwa nyingine; ngozi ikiliwa, ni hasara.