Kilio cha Usiku Juu ya Mti

Juma hili tumeletewa swali kutoka Embu, na aliyeliandika ni mama wa kwetu pwani aliyeolewa huko. Yasema barua yake kwamba nyuma ya nyumba yao pana mti mkubwa, na kila usiku husikika humo kilio mfano wa kilio cha mtoto mchanga. Jirani amewaambia kuwa ni jini. Watoto hawathubutu kutoka uani baada ya magharibi, na mume amekwisha kuazima shoka. Auliza mama: je, mti ukatwe?

Twasema usikatwe kabla hajajulikana aliye mtini. Na kwa sifa tulizoelezwa, yaelekea sana kuwa ni komba.

Sisi watu wa pwani twamjua komba kwa sifa mbaya. Hupanda mnazi ugemwao akanywa tembo, hata ikasemwa fulani ni mlevi kama komba. Tumemwonea kidogo, kwani komba hakukatazwa. Aliyekatazwa ni yule aliyekitundika kibuyu.

Komba ni wa kabila lile kubwa la wanyama ambalo ndani yake wamo kima, nyani na sokwe, ila yeye ni mdogo na ni wa usiku. Katika nchi ya Embu wako wa namna mbili. Juu, penye misitu ya mvua ya Mlima Kenya, yupo komba mkubwa, ambaye uzito wake hukaribia robo tatu ya kilo, naye hula matunda na wadudu. Chini, katika nchi kavu ya Mbeere iteremkayo kuelekea mto Tana, yupo komba mdogo wa migunga, uzito wake kiasi cha gramu 200, naye hula panzi na nondo, na hulamba gundi itokayo katika gome la mgunga.

Macho yake ni makubwa mno, na nyuma yake mna utando unaorudisha nuru kama kioo. Ndiyo maana ukimmulika kwa tochi huwaka kama makaa mawili. Macho hayo hayageuki sana katika matundu yake, basi hugeuza kichwa kizima. Masikio huyakunja na kuyakunjua, kila moja kwa wakati wake, akisikiliza mdudu gizani. Mifupa ya kifundo cha mguu wake imerefuka, na kwa hiyo komba mdogo huweza kuruka juu kupita mita 2 kwa mruko mmoja.

Mbali huko, katika visiwa vya Ufilipino, Borneo, Sumatra na Sulawesi, yuko mnyama aitwaye tarsia aliyefanana naye kwa miguu, kwa macho na kwa usiku. Lakini tarsia hali tunda wala jani, hula viumbe hai tu. Wala hana ule utando wa kurudisha nuru, ndipo macho yake yakazidi ukubwa, hata jicho moja likalingana na ubongo wake.

Na kile kilio je? Komba hulala mchana pamoja na jamaa zake, na usiku hutawanyika kila mmoja akatafuta riziki peke yake. Kwa sauti hiyo hupashana habari na kujulishana mipaka. Huanza kwa nguvu, hujirudia mfululizo, kisha hufifia. Na aghalabu mwingine humjibu kutoka mti wa mbali.

Basi linalotutia wasiwasi si jini bali shoka. Komba mkubwa kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mama humbeba kwa kinywa, akamwacha tawini huku akitafuta chakula. Ukiangusha mti umemwangusha na huyo. Na huko Mbeere migunga mingi imekwisha kugeuzwa makaa ya kuuza. Kila mgunga uangukao ni nyumba na chakula kwa pamoja.

Wala asidhani mtu kuwa dawa ni kumkamata akafugwa. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 yakataza kumfuga bila kibali. Tena komba ana desturi ya kuilowesha mikono na nyayo zake kwa mkojo wake mwenyewe, na kila apitapo huacha alama. Nyumba ambayo watu wake huswali hawatamwezea.

Ushauri wetu kwa mama ni huu. Usiku uingiapo, baba achukue tochi badala ya shoka, awatoe watoto uani akiwashika mikono, ammulike mtini kwa kitambo kidogo, wayaone yale macho. Mtoto aliyekwisha kumwona komba akiruka hatishwi tena na hadithi ya jirani. Ila kilio kikitoka chini, kisihame wala kisijibiwe, nendeni mbio mkaangalie, kwani mtoto wa mtu naye huweza kutupwa, na itakuwa msiba akiachwa alie mpaka alfajiri kwa kudhaniwa komba, au kwa kuogopwa jini.

Shoka na lirudishwe kwa mwenyewe. Tukutane juma lijalo, inshallah.