AFYA YA NYUMBANI: Homa ya Uti wa Mgongo kwa Watoto Wachanga

Kandokando ya Ziwa Victoria, kutoka Usenge na Bondo mpaka Kisumu, Ahero na Kendu Bay, mtoto akishikwa na homa, neno la kwanza la wazazi ni "malaria". Mara nyingi ni kweli. Lakini iko homa nyingine ifananayo nayo sana, nayo ni homa ya uti wa mgongo, iletwayo na bakteria waingiao katika damu na kufikia ngozi nyembamba zinazofunika ubongo.

Kila mtu ana askari katika damu yake, ambao madaktari huwaita kingamwili. Mtoto huzaliwa na askari alioazimwa na mamaye, lakini baada ya miezi 6 hivi wengi wao huwa wamekwisha. Nao bakteria hao wamejivika koti la sukari, ambalo mwili wa mtoto wa chini ya miaka 2 haulitambui vizuri.

Wako watoto wasioweza kabisa kufanya askari hao. Mwaka 1952 daktari wa Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyeugua mara kwa mara. Damu yake ilipopimwa, askari hawakuonekana. Ugonjwa huo ni wa nadra. Kwetu Nyanza, uonekanao zaidi ni sikoseli, ambao huharibu wengu, chombo kinachochuja bakteria katika damu. Virusi vya UKIMWI pia hudhoofisha kinga ya mtoto.

Serikali ya Kenya ilianza kutoa chanjo ya bakteria wa Hib mwaka 2001, na ya nyumokoki mwaka 2011. Katika chanjo hizo sukari ya koti imefungamanishwa na protini, ndipo mwili wa mtoto hulitambua. Hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Huko Kilifi, ugonjwa wa Hib ulipungua sana katika miaka michache baada ya chanjo kuanza.

Sasa neno kwa akina baba. Daktari akitaka kutoa maji kidogo mgongoni mwa mtoto, wengi hukataa, wakidhani sindano huua. Sivyo. Sindano huchomwa chini ya mahali uti unapokoma, na maji hayo ndiyo yaonyeshayo kama bakteria wamo. Kinachoua ni kuchelewa. Naye aponaye kwa kuchelewa huenda akabaki kiziwi au mwenye kifafa.

Basi, mtoto mwenye homa akikataa kunyonya, akilegea, akipatwa na degedege, au utosi wake ukifura, mpelekeni hospitali siku iyo hiyo. Na mtoto aliyepata homa hii mara mbili, mwombeni daktari aipime kinga ya damu yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.