WALISEMA WANAKUJA KULINDA WATU

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wote wa mjini,

Inchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi tu zikapita, askari wa Ubelgiji wakaingia kati na silaha, bila Serikali yetu kuwaita. Walisema wanakuja kulinda watu wao. Vema, wazungu wengi waliogopa kweli, maana askari wa Force Publique walikuwa wameasi. Lakini kulinda watu ni kuwaondoa katika hatari, si kuikata inchi. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga, na maofisa wa Kibelgiji wakamtengenezea jeshi. Kodi ya Union Minière, iliyopaswa kwenda Léopoldville, ikabaki Elisabethville. Shaba ile baba zenu waliichimba kwa mikono yao!

Tazameni namna moto ulivyoenea. Lumumba aliita ONU. Alipoona haiwaondoi Wabelgiji Katanga, akaomba ndege za Warusi. Hapo Waamerika wakamhesabu adui. Ugomvi wa nyumba moja ukawa ugomvi wa dunia. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Hammarskjöld, mkubwa wa ONU, akafa katika ndege karibu na Ndola. Na Baluba wangapi walilala kambini Elisabethville, wakiwaogopa askari wa Tshombe na majirani zao wenyewe?

Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2002. Mwaka 2022 ikarudisha jino moja la Lumumba. Juu ya kodi ile ya miaka miwili na nusu, tungali tunauliza.