Mti Mkubwa katika Chungu Kidogo

Anayeanza kujifunza kazi ya mikono yafaa kwanza akatazame kazi za mafundi. Ndivyo ilivyo pia kwa ile kazi ya Wajapani iitwayo bonsai, maana yake mti uliopandwa katika chombo. Huko Washington, mji mkuu wa Marekani, iko nyumba ya makumbusho ya miti hiyo. Mwaka 1976 Wajapani waliwapa Wamarekani miti 53, kwa ukumbusho wa miaka 200 ya uhuru wao.

Mwanafunzi aingiapo humo hustaajabu: msonobari, ambao mlimani hupita urefu wa nyumba, umekaa katika chungu kisicho na kina! Hudhani ni mbegu ya namna ya pekee. Sivyo, ni mti kama mingine. Fundi hupogoa matawi, hupunguza mizizi kila baada ya miaka michache, na huzungusha waya katika tawi changa lipate kuelekea atakako. Kisha huuondoa kabla haujaumiza gome. Wazee walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Tena udongo wa chungu ni haba. Uvivu wa siku chache za jua waweza kuua kazi ya miaka mingi.

Msonobari mmoja wa humo umetunzwa chunguni tangu mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomi lilipoangushwa juu ya mji wa Hiroshima, ulikuwa kwa bwana Masaru Yamaki, yapata kilomita tatu kutoka hapo. Ukuta mrefu uliukinga. Miaka 31 baadaye bwana huyo aliutoa zawadi kwa taifa lile lile lililoangusha bomu, wala watunzaji wa Washington hawakujua habari hiyo, mpaka wajukuu wake wawili walipokuja kuutazama mwaka 2001.

Basi, kijana utakaye kuanza, usitamani mti wa miaka mia nne. Chukua mche wa jamii ya mkuyu, upendao joto. Uweke nje penye mwanga, uutazame kila asubuhi. Usikate mengi kwa siku moja. Wale walioumwagia maji msonobari ule mwaka 1625 hawakuuona ulivyo leo. Walifanya kazi ya siku yao, wakawaachia wengine. Nanyi wazazi, ndivyo mnavyolea watoto.