Kutopona Si Mwisho wa Tiba
Ndugu Waislamu, kauli ya "hatuna la kufanya" imewarudisha nyumbani wagonjwa wengi wa saratani wakiwa katika maumivu makali. Kauli hiyo si sahihi. Kuponya kukishindikana, wajibu wa daktari wa kutuliza maumivu hubaki palepale. Nchini Uganda, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, akawapa wagonjwa mofini ya maji ya kunywa majumbani mwao. Na mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa wakaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Wapo wanaoikataa wakidhani ni ulevi, au ni kuharakisha mauti. Ikitolewa kwa kipimo cha tabibu ili kuondoa maumivu, si hayo wala haya. Siku ya kufa i mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Subira haimkatazi mgonjwa dawa.