Akiwowo na Nadharia Itokayo Ushairini

Katika safari ndefu ya mwanasosholojia Akinsola Akiwowo wa Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, limo jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili. Akiwowo hakuridhika ushairi simulizi wa Kiyoruba uwe data ya kupimwa kwa nadharia za wageni. Katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1983 alitofautisha ajobi, yaani udugu wa nasaba, na ajogbe, uhusiano wa wanaoishi pamoja. Mwaka 1986 akachapisha makala yaliyochota nadharia yenyewe humo humo ushairini. Walitokea Wanigeria wenzake wakamkosoa vikali kuhusu istilahi zake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo heshima yake kuu: wasomi walibishana juu ya maneno ya Kiyoruba katika jarida la kimataifa la sosholojia.

Je, sisi? Tasnifu zetu aghalabu huazima nadharia Ulaya, kisha Muyaka akaitwa kutoa ushahidi tu. Tuna utani, kwa mfano, unaowaruhusu watu wa makabila mawili kutaniana hata matangani, na papo hapo ukawawajibisha kusaidiana katika mazishi. Ni nani atakayeandika tasnifu ambamo utani ndio nadharia?